Usimwambie Mgeni Ni Hapo Tu

Nyakakika, Karagwe
Jumatano, jua linashuka

Mwanangu Projestus,

Nikusalimu ya nini, na wewe uko chumba cha pili na ninasikia unavyolisugua hilo sanduku kwa mara ya nne leo? Nakuandikia kwa sababu nimechoka kusema nawe kwa mdomo. Kila ninalokuambia unajibu, "Ndiyo, Tata." Nikisema mvua itanyesha, ndiyo, Tata. Nikisema haitanyesha, ndiyo, Tata. Juzi nilikuambia kwa makusudi kwamba Nairobi unakokwenda iko ng'ambo ya mto Kagera, upande wa Ruanda, nikitaka tu kukupima. Ukaitikia, "Ndiyo, Tata," ukaendelea kupiga viatu rangi. Mtu atagombanaje na ndiyo? Karatasi angalau inanyamaza.

Nitaiweka barua hii ndani ya kiatu chako cha kulia, maana hivyo viatu vipya ndivyo utakavyovigusa kwanza ukiamka, kabla hata ya kufanya ishara ya msalaba. Isome yote kabla hujatoka nje.

Habari za kwinini, za shuka, za kwenda kanisani kila Jumapili, mama yako amekwisha kukueleza mpaka kuku wamezijua. Sizirudii. Mimi nataka kukueleza kazi unayokwenda kujifunza. Wewe unakwenda chuoni kufundishwa namna ya kupokea wasafiri, kuwapangia njia, kuwalaza na kuwaonyesha nchi. Mimi niliifanya kazi hiyo miaka kumi na moja bila chuo chochote, na niliiharibu. Hujawahi kusikia hivyo kutoka kwangu. Umesikia tu kwamba baba yako alikuwa mtu mkubwa wa nyumba ya wageni ya serikali, mwenye kofia.

Hasira yangu ilianza Bukoba, siku ulipoitwa mbele ya yule bwana aliyekuja kuchagua vijana. Mimi nilikuwa kwenye benchi, mlango uko wazi. Nikamsikia anauliza, "Unajua kuogelea?" Ukajibu, "Ndiyo, bwana." Wewe! Wewe unayevuka mto kwenye mtumbwi umefumba macho na kushika nguo ya mtu wa mbele! "Umewahi kulala hotelini?" "Ndiyo, bwana." Hoteli ipi, Projestus? Kile kibanda cha chai cha Igurwa, tulipofungiwa na mvua ukalala juu ya magunia ya kahawa? "Unaweza kupika chakula cha Kizungu?" "Ndiyo, bwana." Kizungu gani, na ndizi zenyewe unaziunguza? Bwana akafurahi, akaandika. Ukatoka unameremeta kama sufuria ya arusi, nami nikakushika mkono nikakupongeza. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nilikupongeza, kwa sababu ulijibu vile vile ambavyo ningejibu mimi.

Sasa kaa chini usikilize.

Wewe hukuwa umezaliwa, wala dada yako Adventina. Tulikuwa tunakaa upande wa Nyakatuntu, na mimi nilikuwa nimepewa ile nyumba ya wageni kuiangalia. Ilikuwa nyumba ya nyasi, vitanda viwili, beseni moja na kiti kimoja chenye miguu mitatu iliyo mizima. Wazungu walikuwa wanapita, wachache, wengine kuwinda, wengine kutazama tu nchi. Mambo ya kutazama tu yalinishangaza. Mtu anatoka kwao ng'ambo ya bahari, anapanda kilima chetu, anasema "Aah!" kisha anashuka. Lakini nilizoea, na nikawa ndiye ninayewaongoza kwenda kwenye chemchemi ya maji ya moto, ile ambayo wazee walikuwa wakiwapeleka wenye kuumwa mifupa.

Unajua adabu zetu. Mtu aliye njiani akikuuliza, "Ninakokwenda ni mbali?" humwambii ni mbali. Ukimwambia hivyo umemwongezea mzigo kichwani, umemvunja moyo, na wewe humpi hata mtu wa kumsindikiza. Unamwambia, "Hapo tu, waitu." Naye hadanganyiki, kwa sababu ni mtu wa hapa. Anashukuru kwa kutiwa moyo, kisha anakuuliza swali lake la kweli: "Je, nitafika ng'ombe hawajarudi?" Hapo ndipo unapomjibu sawasawa. Ndivyo tulivyolelewa, na sioni ubaya wake kati yetu sisi.

Basi akaja bwana mmoja wa ndevu nyekundu na mkewe, mwanamke mwembamba, mkimya, mwenye birika lake la chai ambalo hakuliachia mtu yeyote. Walitaka kwenda kwenye chemchemi. Bwana akaniuliza kama ni mbali. Nikasema, "Hapo tu, bwana." Nikangoja aulize habari za ng'ombe. Ndiyo, nilingoja kweli, cheka ukitaka. Yeye akapiga makofi, akaamuru wapagazi wawili wabaki, na madebe mawili ya maji yabaki, na kikapu cha chakula kibaki. Kuna haja gani ya kubeba vyote hivyo kwenda hapo tu?

Mpagazi pekee aliyekwenda nasi alikuwa Rutta. Ndiyo, Rutta huyu jirani yetu, huyu unayemwita Baba Mdogo. Alikuwa amebeba hema. Alinitazama, nikamtazama. Alijua kama ninavyojua mimi kwamba ukiondoka pale alfajiri unafika jioni, ng'ombe wamekwisha kurudi na kukamuliwa. Lakini kumkosoa mwenyeji mbele ya mgeni wake ni aibu, na Rutta alikuwa mtu wa adabu. Akainama akachukua mzigo wake.

Ilikuwa kiangazi. Nyasi za rweya, mbuga yetu ile tupu, zilikuwa zimechomwa, hakuna kivuli, majivu yanapanda mpaka puani. Saa sita mchana yule mama akakaa chini katikati ya njia, uso umekuwa mwekundu kama nyanya. Bwana akaniuliza, "Sasa je?" Nikasema, "Hapo tu, bwana. Nyuma ya kilima." Kilima kilikuwepo, sikusema uongo. Nyuma yake kulikuwa na kilima kingine.

Rutta akatua hema. Akamwomba yule mama birika kwa ishara, ndicho chombo pekee tulichokuwa nacho, akashuka kwenye bonde la mafunjo kutafuta maji. Angekuwa na mwenzake, mmoja angepiga kelele na mwingine angechota. Lakini wale wenzake ndio niliowaacha nyuma kwa neno langu moja. Nyati alikuwa amelala ndani ya mafunjo. Tulisikia sauti ya Rutta mara moja tu.

Paja lilivunjika mahali pawili. Tulifunga machela kwa miti ya hema, na yule bwana mwenyewe alishika upande mmoja, mimi mwingine, mkewe anatembea pembeni akimpepea Rutta kwa kofia. Tulitembea mpaka giza. Njia nzima bwana yule alinisemesha mara moja tu. Aliuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Na mimi, Projestus, mimi baba yako ninayekufokea hapa, unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Pole, bwana. Tunakaribia."

Rutta hakufa, Mungu ashukuriwe. Umekua ukimwona na mkongojo wake, na umeambiwa alianguka kutoka juu ya mti akiwa kijana. Yeye ndiye aliyeitunga habari hiyo, ili mimi nisionekane mbaya. Na hapo ndipo ninapotaka kupasuka. Miaka yote hii, kila nikimtembelea, namuuliza, "Mguu unaendeleaje?" Naye ananijibu, "Unapona, waitu. Bado kidogo tu." Bado kidogo! Wewe umezaliwa, umebatizwa, umeota ndevu hizo tatu, mguu bado kidogo! Nimempelekea ndizi, nimempelekea pombe ya rubisi, mwaka ule wa njaa nilimpelekea mbuzi. Lakini neno la kumwomba msamaha sijalitamka mpaka leo, maana utaombaje msamaha kwa mguu ambao mwenyewe anasema unakaribia kupona? Ananifungia mlango kwa adabu, nami nakubali kufungiwa, kwa sababu inanifaa. Tunakaa, tunatafuna kahawa, tunasema habari za mvua. Wazee wawili wapumbavu.

Baada ya mkasa ule nilifanya kosa la pili, na hili ni la kuchekesha, kwa hiyo mama yako hupenda kulisimulia. Nilijiapiza kwamba sitampendezesha tena mgeni yeyote. Akija mtu akiuliza ni mbali, nilimwambia, "Mbali! Mbali sana! Maji hakuna, nyati wamejaa, na mguu wa mtu ulivunjika." Akiuliza habari za kitanda, nilimwambia kina kunguni kabla hajavua kofia. Nilijiona mtu wa kweli, nilitembea kifua mbele. Wageni wakawa wanakunywa maji na kugeuza magari yao. Mwishowe Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali, akaniita bomani akaniuliza kama nimewekwa pale kupokea watu au kuwafukuza. Niliona ananionea. Leo naona alikuwa na haki. Nilikuwa natumia ukweli kumpiga nao mtu asiye na kosa, kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi, kama niliwahi kuijua, alikuwa bibi mmoja mzee aliyefika masika, peke yake na dereva. Mvua ilikuwa karibu. Mimi nimekwisha karipiwa na serikali, sijui tena niseme nini, kweli au uongo. Nikasimama mlangoni kama nguzo. Akaniuliza, "Nyumba hii inavuja?" Nikasema, "Inavuja, mama. Inavuja juu ya kitanda hiki. Kona ile haivuji. Njoo tushike kitanda." Yalinitoka tu. Akacheka, akashika upande wake, tukasogeza. Ilinyesha usiku kucha, na asubuhi alikunywa chai yake hana neno. Mwaka uliofuata alirudi, akauliza kwanza kama yuko yule mtu wa kona.

Ni hayo tu ninayoyajua mimi. Mgeni mwambie kweli, kisha usimwachie peke yake hiyo kweli. Ukisema ni mbali, sema pia tutapumzika wapi, na wewe uwe unatembea naye. Huko chuoni watakufundisha mengi zaidi, ramani, tikiti, namna ya kupanga uma na visu, na nitafurahi ujifunze yote, kwa kuwa mimi uma nilikuwa naupanga upande niliouona kwanza. Lakini nina hofu kwamba watakufundisha pia kutabasamu, na wewe kutabasamu hukuhitaji kwenda Nairobi.

Sasa tufike kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu.

Wiki iliyopita mama yako alinipa koti lako nilipeleke kwa fundi, kifungo kimelegea. Ndani ya mfuko nikakuta barua ya chuo. Kizungu changu ni cha nyumba ya wageni, maji ya moto, mayai, kitanda, kesho asubuhi. Lakini hesabu za miaka nazijua. Nikaipeleka kwa katekista anisomee, nisije nikakusingizia. Akasoma pole pole. Miaka miwili. Likizo hakuna, kwa sababu wakati wa likizo wanafunzi wanapelekwa kufanya kazi hotelini na kwenye meli, wajizoeze. Noeli ndiyo wakati wa wageni wengi, wala hapana ruhusa ya kuondoka. Na chini kabisa kuna jina lako, umetia sahihi kwamba umesoma na umekubali.

Na mama yako umemwambia utarudi Noeli.

Nilikusikia kwa masikio yangu. Alikuwa anamenya ndizi, akauliza, "Utakaa sana huko, mwanangu?" Ukamwambia, "Hapana, Mama. Noeli nipo hapa." Ulisema kwa sauti nzuri, ukamshika bega. Hukuwa na nia mbaya, najua. Ulimwona amekunja uso ukataka ukunjuke. Projestus, mimi naujua moyo huo kama ninavyoujua mlango wangu, na unanitia kichaa.

Kwa maana umeona alichofanya? Wakwe wa Adventina walitaka arusi mwezi wa nane. Mama yako akatembea kwa miguu mpaka Igurwa, na goti lake lile, akakaa mbele ya watu wale, akawaomba wangoje mpaka Noeli, kwa sababu kaka wa bibi arusi ndiye atakayemtoa nyumbani. Wewe ni mtu wa hapa, unajua ombi kama hilo linaombwa mara moja tu. Mama yako ametumia heshima yake yote kwa ajili ya neno ulilolisema akimenya ndizi. Noeli ikifika, watakuja na ngoma, na yeye atasimama mlangoni anatazama barabara. Watu wa Igurwa watauliza, "Yuko wapi huyo kaka?" Atajibu nini?

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yako imefika Igurwa tayari.

Ulisema nini moyoni mwako? Kwamba utamwandikia baadaye? Kwamba ukishakuwa mbali atazoea? Utaandika mwezi wa kumi na moja, barua itafika mwezi wa kwanza, arusi imekwisha kuwa ya matanga. Nimekasirika mno leo mpaka nikashindwa kula senene alizonikaangia mama yako, na yeye akadhani ninasikitika kwa kuondoka kwako. Ninasikitika pia. Sikatai. Nyumba hii itakuwa na kimya ambacho sikitaki.

Lakini nisikuandikie kama mtu msafi. Leo ni siku ya nane tangu katekista anisomee barua ile, na mimi nimenyamaza. Nilijiambia nangoja wewe mwenyewe useme. Jana mama yako alikuwa anahesabu miezi kwa vidole, akaniuliza, "Mzee, toka sasa mpaka Noeli ni mbali?" Nikamwambia, "Hapo tu." Nikalisikia neno lile linatoka kinywani mwangu kwa sauti ile ile ya Nyakatuntu, nikatoka nje nikaenda kusimama kwenye migomba kama mtu anayekagua majani. Nimezeeka bila kupona. Ndiyo maana ninakupigia kelele wewe. Wewe bado una nafasi, mimi sijui.

Siwezi kukusemea. Nikimwambia mimi, atajua kwamba mwanawe alimdanganya na mumewe akamchongea, atabaki na maumivu mawili na hana mtu wa kumuuliza, kwa kuwa wewe utakuwa melini. Anastahili kukuuliza wewe mwenyewe, uso kwa uso. Pengine atasema uende. Pengine atarudi Igurwa kuomba arusi irudishwe mwezi wa nane, na mimi nitakwenda naye safari hii, nikae chini nione haya pamoja naye. Pengine atakukasirikia asikubariki, na utaondoka hivyo hivyo. Sijui atafanya lipi. Nimeishi naye miaka yote hii na sijui.

Kesho asubuhi, ukishamaliza kusoma, ingia jikoni. Nitakuwa nimekaa humo. Usianze kwa kuzunguka, usianze kwa habari za maendeleo wala za kumjengea nyumba ya bati. Mwambie, "Mama, ni miaka miwili. Noeli sitakuwepo. Nilijua nilipokuambia." Kisha usiondoke. Akilia, kaa. Akikufukuza jikoni, kaa hapo nje mlangoni. Na ukimaliza la kwako, nami nitamwambia la kwangu, kwamba nilijua siku nane.

Lori la kukupeleka Bukoba litapiga honi saa moja. Akiwa bado analia, liache liende. La kahawa linapita Ijumaa, na meli inaondoka Bukoba Jumamosi. Kama la Ijumaa halitapita, sijui utafikaje, na sijui kama chuo kitakupokea ukichelewa. Ningependa sana kukuambia kwamba watakupokea.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda na kukukasirikia.